Mgongo wa Mkono

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2087, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Upepo mkavu ulikuwa ukivuma kutoka mbugani, na mawingu ya vuli yalikuwa yametanda juu ya milima ya Upare bila kudondosha hata tone. Mhandisi Eliamani Mchome alifika kwenye lango la Mamlaka ya Maji ya Tambarare akiwa amevaa suti ya kijivu iliyopigwa pasi ikanyooka, na shingoni tai ya shule aliyoiaga karibu miaka arobaini nyuma. Mlinzi alitaka kumpitisha mlango wa wageni. Mhandisi akatikisa kichwa, akaingia kwa mlango wa watumishi. Hakuwa mgeni mahali pale. Meza iliyokuwamo ndani ya jengo lile, iliyoendesha malango ya maji ya bonde zima, aliiunda yeye.

Alhamisi iliyopita mkulima mmoja wa kijiji cha Vumbwe, Elinihaki Senzota, alikuwa amechukuliwa na maji ndani ya mfereji uliokuwa mkavu. Baraza la Uchunguzi lilikuwa limemwita Mhandisi kama shahidi mjuzi, atoe jibu la swali moja: kifo kile kilitokana na mkono wa mshikameza, mtumishi anayeiendesha Meza, au kilitokana na Meza yenyewe? Mhandisi alikuwa ameshalijibu swali hilo moyoni tangu alipopanda gari. Kwa miaka kumi na moja Meza haikuwahi kukosea. Alikuja kuhakikisha tu.

Chumba cha Meza hakikuwa na dirisha. Katikati yake palikuwa na bonde zima, kuanzia vyanzo vya milimani hadi mashamba ya mpunga ya chini, limefinyangwa kwa ngozi laini ya maabara juu ya ubao mpana kuliko kitanda cha harusi. Maji yalipita humo kama mishipa ya buluu. Kila yalipopungua kwenye mfereji halisi, mshipa wake ulipauka papo hapo.

Pembeni alisimama binti mwembamba, mikono ameifumbata kifuani kana kwamba amekatazwa kuitumia. Ndiye Nakijwa Mbwambo, mshikameza wa zamu siku ile. Alikuwa amesimamishwa kazi, ila leo ameitwa arudie alichokifanya, huku Meza ikiwa imefungwa kwenye hali ya mazoezi.

"Shikamoo, Mhandisi."

"Marahaba. Umekula?"

"Chakula hakipiti."

"Kitapita. Simama pale uliposimama siku ile, uanzie ulipokosea."

Nakijwa akasogea. Akakilaza kiganja cha kulia juu ya mteremko wa milima, polepole, kama mtu anayempima mtoto homa. Ngozi ya Meza ikaitikia: ikawa ya baridi, ikawa nzito, ikamsukuma kidogo. Ule ulikuwa uzito wa maji yenyewe, yakitembea maili nyingi kutoka pale.

"Niliagizwa nifunge mfereji wa Njamo, maji yaende chini kwenye mpunga," akasema. "Njamo na Vumbwe zimepakana kama vidole viwili. Kiganja changu kikaangukia Vumbwe. Nikasukuma hivi." Mshipa wa Vumbwe ukapauka. Ule wa Njamo ukabaki buluu. "Zamu ile nilikuwa nashughulikia mifereji mingine minane. Nilipokuwa nakunywa chai ndipo nikaona Njamo bado inapita, na Vumbwe imekauka. Moyo ukanilipuka."

"Ukafanya nini?"

"Ulichotufundisha."

Akaugeuza mkono, akaupitisha mgongo wake juu ya mteremko kuelekea kifuani kwake, kama mtu anayepangusa vumbi. Mshipa wa Vumbwe ukarudi buluu mara moja, ukiwa umejaa.

Ishara ile ilikuwa na jina. Iliitwa Tendua, na jina lile alilichagua Mhandisi mwenyewe, akikataa majina matatu ya kigeni yaliyopendekezwa na wafadhili.

Kabla ya Meza, malango ya maji yaliendeshwa kwa amri. Mtumishi aliandika jina la lango, namba yake, kiasi cha lita na neno la siri. Akikosea herufi moja, shamba la mtu linageuka ziwa. Na kabla ya amri hizo watu walilinda zamu zao za maji kwa mapanga, na kila kiangazi kiliacha makaburi mapya. Mhandisi Mchome ndiye aliyesema basi. Mtu asishike jina la kitu, akawaambia, ashike kitu chenyewe. Maji yawe mbele ya macho yake muda wote. Ayasukume kwa mkono, kidogo kidogo, na aone papo hapo yalivyoitikia. Na akikosea, aweze kurudi alikotoka kwa wepesi ule ule aliojia, kwa maana mkono unaojua kwamba utasamehewa hujifunza upesi. Ukutani, juu ya mlango, maneno yake yalikuwa bado yameandikwa kwa rangi nyeupe: MKONO USIOGOPE.

"Sogea," akamwambia Nakijwa.

Akavua koti, akaikunja mikono ya shati, akaifunga Vumbwe kwa kiganja chake. Kisha akaanza kuifungua kwa njia ya kawaida, kwa kusukuma. Meza ikakaza. Taa nyekundu ikawaka kando ya mfereji, na sauti tulivu ikasema: *King'ora kinalia Vumbwe. Subiri dakika kumi na tano.* Ndivyo ilivyopaswa kuwa. Hakuna maji yanayoshuka mteremko ule bila watu wa chini kuonywa.

Akaifunga tena. Safari hii akaugeuza mkono, akapitisha mgongo wake.

Mfereji ukajaa. Hapakuwaka taa. Hapakusemwa neno.

Mhandisi akabaki ameinama. Alikuwa akiitafuta sababu, na sababu ikaja ikiwa na sauti yake mwenyewe. Mwaka wa kwanza wa majaribio, washikameza waliokosea walilazimika kungoja king'ora kabla ya kusahihisha. Wakawa waoga, wakakaa na mikono mapajani, Meza ikadoda. Ndipo alipoandika kanuni kwamba kutendua si kutenda: ni kurejea hali iliyokwisha kukubaliwa, kwa hiyo hakuhitaji onyo. Na katika darasa la washikameza akaisema kwa lugha ya kukumbukwa, nao wakacheka kwa kuipenda.

Nakijwa aliisema sasa, kwa sauti ndogo, bila kumtazama. "Arudiye kwake habishi hodi."

"Ndivyo nilivyosema."

"Nilifanya upesi, Mhandisi. Nilidhani kadiri ninavyowahi ndivyo watakavyoumia kidogo. Nikarudi kwenye chai yangu." Akaifumbata tena mikono kifuani. "Nilifurahi. Nilijiona hodari."

Mhandisi Mchome alikuwa mtu mkali, asiyejua kubembeleza. Alichukua koti lake, akasimama nalo mkononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika kulivaa.

"Nenda kale," akasema hatimaye. "Hii ni amri."

*

Alasiri aliomba gari, akapanda Vumbwe.

Mfereji ulikuwa umekatwa kwenye ubavu wa mlima, mwembamba na wenye mwinuko mkali, kuta zake za mawe zimeshindiliwa na mababu. Pale maji yalipomwachia Elinihaki, chini kabisa kwenye kichujio cha chuma, mtu alikuwa amefunga kitambaa cheusi. Jembe bado lilikuwa limenasa kwenye mawe. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitoa.

Kijana wa serikali ya kijiji alimpeleka hadi kwenye nyumba ya msiba. Wanawake walikuwa wameketi mikekani. Walipomwona, mmoja wao aliinuka na kuja hadi ukingo wa kibaraza. Ndiye Nambike, mke wa marehemu. Kanga aliifunga kiunoni kama anayekwenda shambani.

"Poleni kwa msiba, mama."

"Tumeshapoa. Wewe ndiwe mwenye ile meza?"

"Ndimi."

"Karibu ukae basi. Au utakaa juu yake?"

Mwanamke mmoja nyuma akamshika nguo. Nambike akaitoa nguo yake mkononi mwake. Mhandisi akaketi kwenye kigoda alichoonyeshwa, magoti yakamfika kifuani, na tai ikamlalia mapajani.

"Nataka kujua aliingiaje mferejini," akasema. "Hamkutangaziwa kwamba umefungwa."

"Tutangaziwe na nani? Mfereji ukikauka, unakuita wenyewe. Ndivyo tulivyozaliwa tukakuta. Maji yakikatika, kila mwenye jembe anashuka kuzibua kipande chake, kwa kuwa hujui yatarudi lini, na usipozibua kwako jirani wa chini anakaukiwa. Siku ile alikuwa anakunywa uji. Aliposikia kimya kule mferejini, aliweka bakuli chini." Akanyoosha kidole. "Pale. Uji wenyewe ulikuwa bado vuguvugu waliponiletea habari."

"Hakusikia king'ora?"

"Kwani kililia?"

"Hapana," akajibu Mhandisi. "Hakikulia."

Nambike akamtazama kwa mara ya kwanza kama anayemtazama mtu. Labda alikuwa ametarajia uongo na kujiandaa nao.

"Wanasema kuna binti amekosea," akasema. "Wanasema atafungwa. Mimi simjui, sina habari naye. Nikuulize wewe. Kwenye hiyo meza yako wanasema milima yote ipo, na mito ipo, hata vijito vya kunyweshea kondoo vipo."

"Vipo."

"Sisi tuko wapi?"

Mhandisi alifungua kinywa. Alikuwa na jibu la kitaalamu: Meza humwonyesha mtumiaji kile anachokishughulikia, na kinachoshughulikiwa ni maji, kuweka kila kitu ni kuficha kila kitu. Lilikuwa jibu sahihi, na aliwahi kulitoa kwenye mikutano mikubwa akapigiwa makofi.

"Hampo," akasema.

Nambike akatikisa kichwa taratibu, akarudi kwa wenzake mkekani.

*

Jumatano mchana, Mkurugenzi wa Mamlaka alimwalika Mhandisi ofisini kwake kwa chakula. Sifueli Mrutu alikuwa mnene, mcheshi, mwenye kicheko kilichotangulia kuingia vyumbani kabla yake. Walisoma wote bweni moja kwa miaka sita, vitanda vyao vikiwa vimepandana, Sifueli juu, Eliamani chini.

"Makande haya, bwana. Mpishi wangu ni wa Usangi, hakosei. Kula, usinitazame kama kiranja wa bweni."

"Nakula."

"Unakula kama unayekagua." Sifueli akacheka, akajipakulia tena. "Unamkumbuka Mwalimu Shekighenda na kauli yake ya kutendua? Funga, fungua. Kunja, kunjua. Tega, tegua. Mimi nikanyoosha mkono: Mwalimu, na kula je, kutapika ni kauli gani? Darasa zima chini!"

"Nakumbuka."

"Alinipeleka kufyeka nyasi wiki nzima, mzee yule. Lakini na yeye alicheka. Nilimwona."

Eliamani alikumbuka pia jinsi somo lile lilivyoisha, jambo ambalo Sifueli hakulitaja. Vicheko vilipotulia, Mwalimu Shekighenda alikuwa ameandika ubaoni *zika*, na mbele yake *zikua*. Ukizika unaweza kuzikua, aliwaambia, kanuni inaruhusu. Lakini utakayemtoa humo ni maiti yule yule. Kisha kengele ikalia. Miaka mingi baadaye Eliamani alilichukua lile somo, akalifanya ishara ya mkono, akasahau mwisho wake.

Sifueli alijifuta midomo. Kicheko kilikuwa kimeondoka bila kuaga.

"Elia. Kesho watakuuliza neno moja tu. Mkono au Meza. Utasema mkono, tutakwenda nyumbani."

"Mkono ulifanya ulivyofundishwa."

"Mkono ulifunga Vumbwe badala ya Njamo. Na hilo ulimfundisha wewe?"

"Kufunga hakukumuua mtu. Mfereji mkavu hauui. Kilichoua ni Tendua, nayo haina king'ora kwa sababu mimi nilikiondoa."

"Najua," akasema Sifueli. "Mafundi wangu waliniambia Ijumaa."

Kijiko cha Eliamani kikasimama.

"Usinikodolee macho. Nimeshaamuru ibadilishwe kimyakimya, mwezi ujao haitakuwapo kasoro hiyo. Lakini sikiliza. Bonde hili lina vijiji sitini na viwili. Wewe umekaa mjini na kalamu zako. Mimi ndiye ninayekaa nao. Wa juu wanaamini kwamba Meza haina ndugu wala kijiji, ndiyo maana wamekubali kuyaacha malango yao ya mawe. Siku nikisimama hadharani na kusema Meza ilimpa mtu maji bila onyo, watakata nyaya za malango usiku huo huo. Wa chini watapanda na mapanga. Kaka yangu alikatwa mkono kwenye mapigano ya maji. Ulikuja hospitali kumwona, ulimwona kwa macho yako. Utawazika wangapi ili binti mmoja asifungwe?"

"Atafungwa?"

"Miaka miwili. Mitatu ikizidi. Nitazungumza na watu. Akitoka nitamtafutia kazi nzuri, mahali pasipo maji."

Eliamani akakiweka kijiko chini. Alizoea kushinda hoja kwa kusimama wima. Hoja hii haikuinamishwa na wima wake. Yote aliyoyasema Sifueli huenda yangetokea.

"Kama ni hivyo," akasema polepole, "mwambie yeye. Mwite hapa, umwambie Nakijwa: ingia jela kwa ajili ya vijiji sitini na viwili. Akikubali, nitatia sahihi."

"Acha utoto."

"Si utoto. Kama ni sadaka, mwenye roho yake aitoe mwenyewe."

Sifueli alisimama, akaenda dirishani. Alipozungumza tena hakugeuka.

"Sijapata kukudai, Elia. Hata siku moja."

Eliamani alijua linalokuja. Walipokuwa kidato cha pili, nyoka aina ya kifutu alimgonga kwenye muundi wakivuna mahindi ya shule. Gari halikuwapo. Sifueli, aliyekuwa mfupi kuliko yeye na mwenye pumu juu yake, alimbeba mgongoni akashuka naye mlima mzima hadi zahanati ya misheni, akaanguka mlangoni akitapika damu. Pale shuleni jambo la namna hiyo lilikuwa na jina. Waliliita deni la mgongo. Halikulipwa kwa kitu wala kwa zawadi, na mwenye kudai hakudai mara mbili. Aliyebebwa hubeba: wavulana waliyachonga maneno hayo kwenye mbao za vitanda, kizazi baada ya kizazi, na Eliamani aliyashika kuliko alivyoyashika mahubiri yote ya kanisani.

"Leo nimechoka, ndugu yangu," akasema Sifueli. "Nibebe."

*

Alhamisi, ukumbi wa Baraza ulijaa mapema. Mwenyekiti, Jaji mstaafu Zuhura Kallaghe, alikuwa bibi mdogo wa umbo mwenye miwani minene, aliyekuwa akisoma kila karatasi kana kwamba inamnong'oneza. Nakijwa aliketi peke yake kwenye benchi la mbele. Nafasi pande zake zote mbili zilikuwa wazi, ingawa wengine walisimama kwa kukosa mahali. Nambike alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Sifueli aliketi safu ya maofisa, akampa Eliamani tabasamu la kirafiki, la mtu aliyelala vizuri.

Shule ile ilikuwa na desturi nyingine pia. Kwenye paredi ya jioni, mvulana aliyekosa alitakiwa kusimama kabla jina lake halijaitwa. Aliyesubiri kuitwa aliadhibiwa mara mbili: kwa kosa, na kwa kungoja. Karani alikuwa bado anasoma orodha ya mashahidi pale Mhandisi Mchome aliposimama.

Jaji akainua macho. "Mhandisi, hujaitwa."

"Najua, Mheshimiwa."

Jaji akamtazama, akaitazama tai, akamwashiria karani anyamaze. "Haya. Baraza linataka kujua jambo moja. Kifo hiki ni kosa la mkono, au ni kosa la Meza?"

"Swali hilo lina upungufu, Mheshimiwa, nami ndiye niliyewafundisha watu kuliuliza hivyo. Meza haikujiandika yenyewe. Kosa ni langu."

Minong'ono ikapita ukumbini kama upepo kwenye mahindi makavu. Akaingoja ipite.

Akaeleza. Aliwaonyesha kwa mikono yake mitupu, juu ya hewa: kiganja kinavyofunga, kiganja kinavyofungua na king'ora kikalia, kisha mgongo wa mkono, na kimya. Aliwaambia ni nani aliyekiondoa king'ora, mwaka gani na kwa sababu gani. Hakuipamba sababu ile wala hakuidharau. Ilikuwa sababu nzuri.

"Ishara ile niliiita Tendua," akasema. "Kwa jina hilo niliwaambia watumishi kwamba wanarudi walikotoka. Niliwaambia uongo, ingawa sikujua kwamba ni uongo. Kwenye Meza Vumbwe ilirudi kama ilivyokuwa. Mlimani haikurudi popote. Mfereji uliofungwa asubuhi ulikuwa mtupu. Mfereji uliojazwa baadaye ulikuwa na mtu ndani, anayezibua, kama baba yake alivyomfundisha. Binti huyu hakutendua kitu, Mheshimiwa. Alifungua lango la maji juu ya kichwa cha mtu, na mimi ndiye niliyemhakikishia kwamba hafungui."

Nakijwa alikuwa ameinamisha kichwa hadi magotini. 

"Na Mamlaka?" Jaji akauliza. "Ilijua?"

Eliamani hakumtazama Sifueli. "Mamlaka na ijibu yenyewe. Mimi nasema langu."

"Mhandisi, nimezaliwa kwenye bonde hili. Nimeyaona mapanga. Unajua maneno haya yakitoka nje ya mlango ule yanaweza kuzaa nini?"

"Najua yanaweza. Sijui kama yatazaa." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua nguvu. "Naomba Tendua ikatwe leo, na kila lango linalofunguliwa lipige king'ora, hata kama mtu anasahihisha kosa. Washikameza wataogopa. Kazi itakwenda polepole, na kuna mpunga utakaokauka kwa ajili hiyo. Huenda watu wa juu wakakata nyaya. Sina dawa ya hilo, Mheshimiwa. Usiku wote nimeitafuta. Lakini amani inayosimama kwa kumfunga asiye na kosa, siku watu wakiujua ukweli, itaanguka na kila kilichoegemea juu yake."

"Leseni yako utanyang'anywa. Unaweza kushtakiwa."

"Naelewa."

"Una wakili?"

"Sikuja na wakili."

Jaji Kallaghe alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mshikameza Nakijwa Mbwambo," akasema, "inuka uende nyumbani, mwanangu. Baraza halina la kukuuliza tena." Kisha akamgeukia karani: "Andika. Ishara ya Tendua isitishwe kuanzia saa hii. Shahidi abaki chini ya uangalizi hadi Baraza litakapomwita kama mtuhumiwa. Mkurugenzi wa Mamlaka atajibu baada ya mapumziko."

Nyuma ya ukumbi mlango ulifunguliwa na kufungwa. Nambike alikuwa ameondoka. Hakuna aliyejua alikuwa amebeba nini moyoni kurudi nacho mlimani, naye hakumwambia mtu.

*

Sifueli alimkuta nje ya ukumbi, juu ya ngazi, wakati wa mapumziko. Mawingu yalikuwa bado yametanda, na upepo ukipuliza mavumbi uani. Uso wake ulikuwa umepoteza unene wake wote.

"Umenitupa, Elia."

"Nimejitupa mimi. Wewe sikukutaja."

"Dakika kumi nitaulizwa kama nilijua. Nitajibu nini? Nakuomba. Bado Jaji yuko chumbani. Rudi ndani useme umeghafilika, useme hukuziangalia rekodi vizuri. Neno moja tu, na yote yatarudi yalivyokuwa." Akaupitisha mgongo wa mkono wake hewani, kati yao wawili, kuelekea kifuani. Hakujua kwamba amefanya hivyo.

Eliamani aliutazama mkono ule hadi uliposhuka.

"Aliyebebwa hubeba," Sifueli akasema. "Au siku hizi mmelifuta?"

"Halijafutwa. Uliponibeba, Sifu, ulitumia mgongo wa nani?"

Sifueli akageuza macho, akatazama uani.

"Wako. Ulitapika damu mlangoni pa zahanati, na damu ile ilikuwa yako. Ungenitaka leo nikubebe kwa mgongo wangu, ningekubeba hadi nianguke. Hata sasa, ukiingia ndani na kusema kweli, nitasimama kando yako. Lakini mgongo unaoutaka ni wa Nakijwa. Huo si wangu."

"Basi deni langu?"

"Nalikiri. Nitazikwa nalo." Mhandisi Mchome akaiweka sawa tai yake, akaanza kushuka ngazi. "Kwa njia hii, silipi."